Mawe Katika Maharage ya Kindness

Binti yangu Clara ananisumbua niandike haya, kana kwamba aibu yangu ni ya kugawia watu. Haya.

Mjukuu wangu Kindness hatulii. Hospitali walishasema ni ugonjwa, akili yake inarukaruka. Basi kila kosa tukalitupa huko. Akijikwaa, ni kutotulia. Akikimbia kitabu, ni kutotulia. Nikimpa ungo achambue maharage, anaacha mawe, nami nampiga kofi.

“Bibi, nimeangalia!”

“Umeangalia kwa kisogo?”

Mwaka huu wapima macho walifika shuleni kwao, Maisaka. Walipomziba jicho la kulia, akashindwa hata kuhesabu vidole vya daktari. Nikaitwa shuleni.

“Bibi, la kulia miwani italisaidia,” daktari akaniambia. “La kushoto limeshalala, ubongo umeacha kulitumia. Mngemleta akiwa na miaka minne, tungeliokoa.”

Ana kumi na mmoja.

Sikulia mbele ya mjukuu wangu. Siku hizi Kindness akiona ungo, anaziba shavu kwa mkono. Maharage nachambua mwenyewe.

Wewe unayesoma, nyanyuka. Mzibe mwanao jicho moja, kisha la pili, umwulize anaona nini. Leo hii, kabla hujampiga.