Ruhusa ya Rukaya

Fikirini wa Mtunda hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusia binti yake Rukaya, basi umejitakia. Angekuweka kitako mpaka kahawa ipoe. Alikuwa mkulima wa korosho na mpunga, shule yake iliishia darasa la pili, lakini beji za skauti alizijua kama ajuavyo majina ya wajomba zake. Hii ya huduma ya kwanza, ile ya mafundo ya kamba, ile nyingine ya kupiga kambi porini siku tatu.

Rukaya alijiunga akiwa darasa la nne. Mwanaidi, mama yake, alinung'unika: mtoto wa kike na kulala porini wapi na wapi? Fikirini akamleta Mwalimu Abdulkarimu, kiongozi wa skauti, aje aeleze mwenyewe barazani, wakakubaliana mtoto atavaa sketi ndefu na hijabu. Toka siku hiyo baba hakukosa gwaride hata moja. Mwenge wa Uhuru ulipopita Kibiti alitoka alfajiri kwa baiskeli, akasimama juani mpaka mchana, ili amwone binti akipiga saluti kwa muda usiotosha hata kumeza mate. Hadithi yake aliisimulia wiki nzima.

Kufika kidato cha tatu, Rukaya alibakiza hatua moja tu apate nishani ya juu kabisa.

Masika ya mwaka ule mto Rufiji ulifurika kuliko watu walivyozoea. Wengi walikuwa bondeni, juu ya madungu, vile vibanda vya miguu mirefu wanamolala kulinda mpunga. Mwalimu Abdulkarimu akapita kwa wazazi kuomba skauti wakubwa wakasaidie kambini kwa waliookolewa: kugawa uji, kufunga vidonda, kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Mwanaidi alikataa.

"Mwache aende, mama Rukaya," Fikirini alisema. "Kuogelea anajua. Na ameapa kusaidia watu."

"Na hayo maji, yanajua kama yeye ni skauti?"

Fikirini akacheka. Akachukua kalamu, akatia sahihi kwenye karatasi ya ruhusa, herufi moja moja.

Siku ya tatu tangu Rukaya aende kambini, Huseni, mwenye mtumbwi, alikuja kueleza mwenyewe. Alikuwa anakwenda kumtoa bibi mmoja na mjukuu wake kwenye dungu, bibi kateguka mguu, akamwomba yule msichana mwenye mkoba wa dawa amfuate. Rukaya aliufunga ule mguu vizuri, wakapakia. Wakati wa kurudi gogo lililozama likaupiga mtumbwi ubavuni, ukapinduka. Huseni alimshika bibi. Rukaya alimdaka mtoto, akamsukuma mpaka akang'ang'ania mtumbwi.

"Nilimwona kamwinua mtoto," Huseni alisema, macho chini. "Nilipogeuka tena, sikumwona."

Walimpata kesho yake adhuhuri, amenasa kwenye matete.

Wakati wa kuzika, skauti walijipanga mistari miwili mpaka makaburini. Mmoja akaomba skafu ya mwenzao iwekwe kaburini. Imamu akasema kwa upole kwamba sanda inamtosha. Fikirini aliipokea ile skafu, asijue aiweke wapi.

Siku ya arobaini yule bibi alikuja na mjukuu wake kutoa pole. Fikirini alimtazama mtoto akila ubwabwa, akajikuta anatamani jambo ambalo hakuthubutu kulitamka, akatoka nje.

Lakini kilichomkata maini zaidi ni kwamba Mwanaidi hakumlaumu. Alipika, akatenga, akamkaribisha. Lile neno la kalamu halikutajwa kabisa. Fikirini alilingoja kila siku kama mtu angojaye kupigwa, na halikuja.

Mwezi wa nane ikaja barua: nishani ya Rukaya itatolewa Kibiti, mzazi aje kuipokea.

"Nenda wewe, baba Rukaya," Mwanaidi alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukienda."

Akaenda. Alipewa kipaza sauti. Miaka saba alikuwa na maneno ya mtoto huyu, leo aliyatafuta asiyaone.

"Alikuwa na miaka kumi na saba," alisema, akarudi kuketi.

Nyumbani alimkuta mkewe anapepeta mchele. Akaiweka nishani mkekani na kukaa kando yake, na hapo akashindwa kujizuia.

"Ile karatasi niliitia sahihi mimi," alisema. "Sema tu, Mwanaidi. Sema unipunguzie."

Mwanaidi aliweka ungo chini.

"Asubuhi ile anaondoka nilimpigia pasi sare yake," alisema. "Mara mbili, maana kola ilijikunja. Nilitaka watu wamwone kapendeza."

Ndiyo mara ya kwanza Fikirini alijua kwamba hata mama, pamoja na kukataa kwake, alikuwa akijivuna kimyakimya. Walikaa pale mpaka kuku wakaingia kwenye mchele, na hakuna aliyewafukuza.