Vidonge Kwenye Kopo la Misumari

Pale Keko wananijua kwa jina la Mzee Theonest wa makochi. Mwaka wa thelathini na moja huu niko kando ya barabara ile ile, na kama umewahi kukalia kochi lisilopiga kelele ukiinuka, huenda nililitengeneza mimi. Naanza na sifa kwa sababu huko mbele hakuna tena.

Presha walinigundua nayo mwaka jana. Nikapewa vidonge, kimoja kila asubuhi, maisha yote. Binti yangu Kokuberwa, karani katika kiwanda kimoja Mikocheni, akaniwekea programu kwenye simu. Ikifika saa mbili inalia. Nikimaliza kumeza nabonyeza alama ya kijani, na yeye huko aliko anaona. Kila nikibonyeza ananiandikia, "Hongera baba."

Siku tatu za mwanzo nilimeza kweli. Sasa dawa yenyewe ni ya kukojoza, na choo tunachotumia mafundi kiko ng'ambo ya barabara. Vanishi haimsubiri mtu. Ukiiacha katikati, ubao unatoka mabaka. Siku ya tatu niliharibu mlango mzima wa kabati, na Mwishehe, fundi wa kibanda cha jirani, akaniuliza mbele ya wateja kama nina mimba. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Ningeweza kumwambia daktari anibadilishie saa. Lakini mwanaume mzima nikaseme mkojo umenishinda? Siku ya nne simu ilipolia nilitoa kidonge kwenye pakiti, maana mke wangu Atuganile huwa anahesabu vilivyobaki, nikakidondosha kwenye kopo la misumari iliyopinda, nikabonyeza kijani. "Hongera baba." Nikajiambia nitaanza tena kazi ikipungua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda siku mia moja na tisa.

Tulirudi kliniki watatu: mimi, mke wangu na Koku. Presha ilisoma mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari, dada mmoja mpole, akapima tena. Koku akampa simu aone mwenyewe. Kijani tupu, hakuna siku hata moja iliyorukwa.

"Mzee huyu ni wa mfano," daktari akasema. "Basi tatizo siyo dawa. Nyumbani nani anapika?"

"Mimi," Atuganile akajibu.

"Chumvi unaweka?"

"Siweki kabisa, daktari. Tangu mlipotukataza."

Daktari akatabasamu kama mtu aliyeambiwa hivyo na wengi. Koku akamgeukia mama yake. "Mama, sema tu ukweli. Hapa tunaongelea uhai wa baba."

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Maneno mawili tu yangemtoa mke wangu pale. Nikaangalia viatu vyangu. Daktari akaandika dawa ya pili, kali zaidi, na njia nzima ya kurudi Koku aliongea na mimi peke yangu.

Jumapili iliyofuata Koku akaja nyumbani na hotipoti mbili. "Baba utakula hiki nilichopika mie," akasema, akaanza kunipakulia. Atuganile alikuwa ameshapika ndizi. Huyu ni mwanamke ambaye kukiwa na harusi pale kanisani, mwiko hauondoki mkononi mwake. Akasimama mlangoni mwa jiko lake, anatazama mumewe akilishwa chakula cha sufuria ya nje, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akarudi ndani, nikasikia anafunika ndizi zake.

Tonge la kwanza nikalirudisha kwenye sahani. Nisijipambe, siyo ushujaa ulioniinua pale. Aibu ilikuwa imezidi kimo. Nilikwenda kwenye mfuko wangu wa vifaa, nikalitoa kopo, nikalimwaga juu ya meza. Misumari ikatawanyika, na vidonge vikafuata, vimeshika kutu na vumbi la mbao.

"Mama yako hakuongopa," nikasema. "Mwongo ni mimi."

Koku akaokota kimoja, akakipangusa vumbi. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

"Baba, nilikuwa nawaonyesha wenzangu ofisini," akasema. "Kila asubuhi. Nawaambia, mwoneni baba yangu."

Akachukua simu yangu, akaifuta ile programu, kisha akaingia jikoni. Nilimsikia akilia na kumwomba mama yake msamaha, na mimi niliyepaswa kuomba nimekaa na misumari yangu.

Baadaye Atuganile akaja na sahani ya ndizi, akaiweka mbele yangu.

"Tangu siku ile ulipokatazwa, na mie chumvi sijaonja, Baba Koku," akasema. "Nilisema tusile tofauti."

Nikaivuta ile sahani, nikazila ndizi zote.

Kwa daktari nilirudi peke yangu, nikasema yote, mkojo na uongo. Akaifuta ile dawa ya pili, na ile ya kwanza akasema naweza kumeza alfajiri kabla ya kwenda kazini. Dakika tano tu za kuongea! Nilimwomba Koku airudishe programu. Akasema, "Imwulize nani, baba? Wewe tena?"

Kwa hiyo sasa kila alfajiri ni Atuganile ananiletea kidonge na maji. Nameza. Halafu anasema, "Fungua." Nina miaka sitini na mbili, wajukuu wanne, na nafungua mdomo, nainua ulimi. Anachungulia kushoto, anachungulia kulia, anachukua kikombe chake anaondoka. Hongera hasemi.