Watoto Wadogo Hawaruhusiwi

"Sasa mtoto nimweke wapi?"

Dada aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu cha kupanga, amembeba mtoto ubavuni, mikono yake bado ina unga wa ngano. Nilikuwa nimelala, mchana, kama nilivyolala karibu kila mchana tangu nirudi kutoka chuo kikuu. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya swali lenyewe, nani amelisababisha na kwa faida ya nani.

Dada alikuwa mpishi katika hoteli moja nyuma ya soko la Bariadi. Hoteli kwa maana ya mahali pa kula: mabenchi, redio juu ya kabati la soda, jiko la kuni uani. Mwenye hoteli alikuwa mama mjane mwenye asili ya Tabora, mswalihina, mwenye sauti ndogo ambayo watu wazima waliitii. Asubuhi ile alikuwa ametundika ubao mlangoni, maandishi mekundu: WATOTO WADOGO HAWARUHUSIWI KUINGIA. HII NI AMRI. Na mtoto wa dada, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajua kukimbia, alishinda pale jikoni tangu alipoachishwa kunyonya. Mchana alilala ndani ya boksi la sabuni chini ya meza ya kukatia vitunguu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Ushirika uliokuwa ukinunua pamba peke yake sasa ulikuwa na wapinzani. Makampuni ya watu binafsi yalikuja na malori na vipaza sauti, na msimu ulipofunguliwa mji ulijaa madereva, wanunuzi na makarani wa mizani, na wote walikula. Mimi nilikuwa na shahada, na serikali ilikuwa imesimamisha ajira. Wenzangu wengine walibaki Dar es Salaam kubahatisha. Nilirudi kwa dada kwa sababu nyumbani kwetu Nassa kila mtu aliyetoka kununua dagaa angesimama kuniuliza nimepangiwa kazi wapi.

Swali la mtoto lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mume wa dada alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mtu wa Kimali, huko Meatu, na ukoo wake ulitoa ng'ombe wote wa mahari, bila kubakiza. Kwa Wasukuma hilo linamaliza mjadala: ng'ombe wakishatoka, mtoto ni wa upande uliowatoa. Mama mkwe alimwachia dada mtoto kwa vile alikuwa ananyonya. Sasa hanyonyi tena, na salamu zilikuwa zinafika na kila lori lililopita Mwanhuzi, huko huko Meatu: bibi amesikia mjukuu wake analelewa jikoni kama paka, katikati ya moto na madereva, pamba ikishauzwa atakuja kumchukua.

Kumpeleka Nassa kwa mama yetu ilikuwa haiwezekani. Hapo ndipo Kimali wangesema tumekula ng'ombe wao na mtoto tumemficha.

"Ongea na mwenye hoteli," nilimwambia dada.

"Nimeongea."

"Amesemaje?"

"Amesema kusoma najua."

Nilivaa viatu. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje wiki ile.

Mama mwenye hoteli alikuwa ameketi mahali pake karibu na kabati la soda, anachambua mchele. Alinikaribisha, akaagiza niletewe chai. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hoteli ni yake. Nikamwambia hilo si jibu, ni hati ya kumiliki. Madereva waliokuwa wanakunywa supu waligeuka kusikiliza.

"Mtoto mdogo ni nani?" nikauliza. "Umri gani? Umeandika mdogo, hujasema mdogo ni yupi."

"Mdogo ni yule asiyejifuta makamasi."

"Basi hata sisi tutoke," dereva mmoja alisema. "Huyu mwenzangu hajifuti."

"Wewe ulipe supu kwanza ndiyo utoke," mama akamjibu, hajainua macho kutoka kwenye ungo.

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba zamani mtoto alikuwa mtoto wa watu wote, na kwamba haya ndiyo matunda ya soko huria: aliye na pesa anataka kula bila kusikia kilio cha mtoto wa mtu, na mwenye duka anamuuzia ukimya pamoja na chapati. Nilikuwa na maneno hayo tayari. Nilikuwa nimeyaandika katika mtihani wa mwaka wa mwisho nikapata alama nzuri. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chai yako inapoa, mwanangu," akasema.

Nilikuwa bado naitazama chai hiyo alipofika mkulima mmoja na familia yake. Ilikuwa wazi wametoka kuuza pamba, kwa sababu mama wa watoto alikuwa na kitenge kipya ambacho bado kina mikunjo ya dukani. Watoto walikuwa wadogo, miguu ina vumbi hadi magotini. Hawa walikuwa wamengojea siku hii tangu kupanda. Baba alisimama mbele ya ubao akausoma kwa midomo, polepole, kisha akavua kofia.

"Mwadila, mayu," akamsalimia mwenye hoteli. "Ina maana watoto hawali hapa?"

"Wanakula, baba. Wakae barazani, chakula kitapita dirishani."

"Na mimi nikae wapi?"

"Popote utakapopenda."

Alifikiri kidogo, akaenda kukaa barazani na watoto wake. Nilimtazama mama mwenye hoteli kwa macho ya kumwambia, umeona? Yeye aliendelea kuchambua mchele. Siku hiyo hiyo wajukuu zake mwenyewe walikuja kutoka madrasa, nao akawarudisha barazani, mdogo wao analia. Hilo lilinichanganya. Mtu anayewadharau watoto wa wengine huwa anawaacha wa kwake waingie.

Kwa hiyo mtoto akabaki na mimi. Hakuna aliyeniomba. Kesho yake asubuhi dada alivaa kanga, akamweka mtoto juu ya mkeka pembeni ya kitanda changu, akaondoka. Nilifikiri ni kwa siku moja tu, mpaka tupate namna. Siku zikapita, namna haikupatikana, nikajua kupika uji usio na madonge.

Nitasema ukweli: sikuwa mtu wa kupenda watoto. Nilikuwa nawatetea, ambayo ni kazi rahisi zaidi. Mtoto yule aliamka kabla ya jogoo wa jirani, alikula sabuni, alitaka kubebwa nikiwa nimekaa na alitaka kushuka nikisimama. Alipasua kitabu changu cha uchumi kuanzia jalada. Kulala mchana kukaisha. Nilichoka uchovu ambao sikuwahi kuujua chuoni, uchovu wa mgongo na wa masikio. Siku nyingine dada alipopata nafasi ya kurudi mchana, nilimkabidhi mtoto nikaenda hotelini peke yangu, nikanunua chai, nikakaa. Hakuna mtoto aliyelia. Hakuna aliyevuta kitambaa cha meza. Niliona aibu jinsi nilivyofurahia, halafu hata aibu ikachoka ikaniacha. Nilijiuliza kama mtu mwenye chai anaweza kudai kupumzika bila kuwa adui wa mtu mwingine. Bado najiuliza.

Lakini ubao nilikuwa bado nauchukia. Nilipopita na mtoto mgongoni niliusoma kwa sauti, ili mwenyewe asikie. Alisikia. "Salama, msomi?" alikuwa akiniuliza kutoka ndani. "Mtoto amekula?"

Bibi wa Kimali alikuja msimu ukielekea mwisho, juu ya lori lililokuwa linarudi tupu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando, fuko la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kanga mpya iliyokunjwa. Kanga ile ilikuwa ya kumbebea mtoto. Tuliiona wote tukajua.

Hakuja nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja hotelini, jikoni, kama polisi. Dada alikuwa anakaanga maandazi. Bibi alimsalimia kisha akaanza kutafuta: chini ya meza, nyuma ya magunia ya mkaa, uani. Alipomkosa akauliza mtoto yuko wapi. Dada alimpeleka mlangoni, akamwonyesha ubao. Bibi hakujua kusoma, basi dereva mmoja akamsomea, akaongeza kwamba mama huyu ni mkali, mtoto akiingiza mguu tu anatolewa. Haya dada alinisimulia jioni, anakunja midomo asitabasamu.

Alipofika chumbani kwetu nilikuwa namwogesha mtoto. Bibi alikaa kwenye kigoda, akasubiri nimfute, akampokea, akamkagua kama mtu anavyokagua ndama mnadani: nywele, meno, tumbo, nyayo. Akafika kwenye mkono wa kushoto. Pale palikuwa na kovu la mafuta ya moto, limekaa kama jani dogo.

"Hili la lini?"

Nilijua kila kitu kinategemea jibu langu. Nilijua pia jibu pekee lililokuwepo.

"La zamani, bibi. Kabla hoteli haijazuia watoto."

"Siku hizi wamezuia?"

"Wamezuia."

"Wote?"

"Wote, bibi. Hata wajukuu wa mwenye hoteli wanakaa nje. Nimewaona mwenyewe."

Nilijisikia nikisema kwa nguvu, kama wakili wa ubao ule. Bibi alipitisha kidole juu ya kovu, mara nyingi.

"Sasa anashinda na nani?"

"Na mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akanitazama sasa, kuanzia miguuni. "Nimeambiwa wewe umesoma."

"Nimesoma."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Na kazi waliyokupa ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, bibi."

Alicheka. Nilikuwa sijategemea kicheko, na kilikuwa kicheko kizuri, cha kifuani. "Serikali nayo!" akasema. Kisha akamimina maziwa kwenye kikombe, akamnywesha mtoto taratibu, na mtoto, ambaye kwangu alikuwa akitema kila kitu, alikunywa yote.

Alilala kwetu, kitandani na dada, mimi na mtoto chini. Asubuhi dada alimpikia chai ya maziwa. Walizungumza Kisukuma kwa sauti ya chini, zaidi juu ya marehemu, jinsi alivyokuwa akipiga mluzi akiwaita ng'ombe. Walilia kidogo, kila mmoja kwa zamu. Mwishoni bibi akasema mtoto ni wa Kimali, asije mtu akasahau, na likizo zote akishaanza shule atazimaliza kule. Dada akasema hilo halina ubishi. Bibi aliifungua ile kanga mpya, akanifunga nayo mtoto mgongoni, akalivuta fundo mara mbili kuona kama limeshika.

"Usimkalishe kwenye baridi," akaniambia, akaenda kutafuta lori.

Nilikaa na mtoto yule hadi alipoanza darasa la kwanza. Baadaye nilipata kazi Mwanza, katika ofisi moja ya watu binafsi ambayo nayo haikuruhusu watoto. Nilifanya kazi pale miaka mingi bila kuanzisha mabishano. Mwenzangu mmoja alipomleta mwanawe siku ambayo msichana wake wa kazi aliondoka, nilimpisha mtoto kiti changu, na mkuu alipotoka nje kuuliza kelele ni za nini, nilisema ni zangu. Sikuwa na hoja kubwa kuliko hiyo. Watu wakiniuliza kama ni haki biashara kuwafungia watoto mlango, naanza kusema ndiyo, nasita, naanza kusema hapana, nasita. Natamani kwanza kujua kama mtoto anayefungiwa ana mahali pengine pa kwenda, na nani amekaa huko anamsubiri.

Mama mwenye hoteli alifariki Bariadi wakati mtoto wetu ni msichana mkubwa, yuko sekondari. Nilikwenda msibani. Dada alilia kupita watoto wa marehemu, hadi wanawake wakamtoa nje kupunga hewa. Nilimfuata. Hoteli ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msiba, na ubao ulikuwa bado uko mlangoni, maandishi yamefifia yamekuwa rangi ya waridi.

"Nilimtukana sana mama yule," nilisema, "kwa ajili ya ubao huu."

Dada alifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa ananiambia. Alikuwa anacheka. Anasema, mdogo wako leo kanisomea tena."

"Hakuwahi kunieleza kwa nini."

"Nilimwomba asiseme."

Nilimtazama.

"Kimali wasingeamini neno langu kwamba mtoto hashindi tena jikoni," alisema. "Wangeamini neno la mwenye mali. Na wewe ningekuomba ulee, ungeanza kuuliza maswali."

Ubao ule ulikuwa kipande cha kitanda cha zamani cha dada, na maandishi aliyaandika dada mwenyewe.