Siku Ndefu ya Dakika

Kaka yangu ni fundi saa, na watu wote humwita Dakika, kwa sababu mteja akimuuliza saa yake itakuwa tayari lini, hujibu, "Dakika moja tu." Dakika moja yake huchukua wiki tatu. Mimi ni mdogo wake, nashona nguo humo humo chumbani mwake, cherehani yangu ubavuni mwa kabati lake la vipuri. Kwa hiyo matusi ya wateja nayapokea mimi.

Bati la chumba hicho lina tundu la msumari. Mvua ikinyesha tunaweka kopo. Miaka nenda miaka rudi namwambia alizibe, naye hujibu, "Ukiliziba nakuhama." Ana sababu yake. Saa sita mchana jua hupenya pale na kuangusha sakafuni duara dogo la mwanga, kama kifungo cha koti. Binti yake alipokuwa mdogo, walikuwa wakilitia alama kwa rangi ya kucha. Rangi yangu, bila kuniomba! Duara lenyewe halitulii. Mwezi wa sita liko mlangoni, kwenye kizingiti. Kisha linasogea kidogo kidogo, hata mwezi wa kumi na mbili linafika miguuni mwa kabati. Ni hatua nne tu, lakini linazitembea nusu mwaka. Likifika mwisho husimama siku kadhaa, usijue linakwenda au linarudi, halafu hugeuka.

"Kwa nini linageuka, Baba?" mtoto aliuliza.

Dakika alichukua chungwa, akalichoma katikati kwa sindano yangu ya kufumia, akalitembeza kuizunguka taa huku limeinama.

"Dunia imeinama hivi, nyuzi ishirini na tatu na nusu, na haijinyooshi. Inalizunguka jua imeinama vilevile. Mwezi wa sita upande wa juu ndio unaolielekea jua, basi watu wa huko wanapata mchana mrefu. Mwezi wa kumi na mbili inakuwa zamu yetu sisi wa chini."

Mtoto akauliza kama sisi wa chini hatuanguki. Tukacheka, tukalila lile chungwa. Tangu hapo, nyumbani kwetu "siku ndefu" ni siku ya kabati.

Mama yake alishafariki, nikamlea mimi. Akakua, akasomea uuguzi, akaenda kufanya kazi nchi ya mbali, kaskazini kabisa. Miaka tisa! Kila Jumapili alipiga simu. Mara moja alisema, "Baba, huku saa nne usiku jua bado linawaka." Nikadakia, "Usiku gani wenye jua? We mtoto, umeanza kunywa?" Dakika alicheka, lakini simu ilipokatika alibaki nayo sikioni muda mrefu. Hamu ya mwanawe ilikuwa inammaliza, na hakujua kuificha.

Tena alikuwa na haraka. Jicho lake la kulia lilikwisha kufa kwa presha ya macho, na daktari alisema la kushoto linafuata, na kilichopotea hakirudi.

"Nataka niuone uso wake kabla halijazima," aliniambia. "Na wewe usimwambie. Aje kwa kunitaka, asije kwa kunihurumia."

Nikaapa. Nilikuwa mjinga.

Mwezi wa tisa binti akapiga simu akipiga kelele za furaha. "Nimeomba likizo, Baba! Nakuja siku ndefu!" Dakika hakuuliza neno tena baada ya hapo, eti mtoto asione anasukumwa.

Desemba akanyoa ndevu, akafunga kazi, akakaa kuutazama mlango. Duara likafika kabatini. Mtoto hakuja. Kesho yake hakuja. "Jua limesimama bado," akasema, "siku ndefu haijaisha." Alisema hivyo siku tano. Duara lilipoanza kurudi, nilinyakua simu.

"We mtoto huna haya? Baba yako kanyoa ndevu bure!"

"Shangazi, si nilisema siku ndefu? Mwezi wa sita! Sasa hivi huku saa tisa alasiri ni giza tupu."

Dakika alisikia. Akajishika kichwa. "Na chungwa nililichoma mwenyewe!" Ama kweli mganga hajigangi. Nikamnong'oneza, "Mwambie habari ya jicho, abadilishe safari." Akakataa kwa kichwa. Ulimi uliniwasha, lakini nilikuwa nimeapa, nikaumeza. Najuta mpaka leo.

Duara likaanza safari ya kurudi mlangoni. Mwezi wa pili alikuwa bado analiona. Mwezi wa nne akaanza kufungua saa za watu kwa kupapasa, nami nikawa namtafutia skrubu zilizoanguka. Mwezi wa tano aliniuliza, "Limefika wapi?" Lilikuwa juu ya kiatu chake. Nikamwambia limekaribia, nikaenda uani kulia.

Binti alisema tusihangaike kwenda kumpokea. Siku yenyewe, mchana wetu mfupi kuliko yote, niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikamwona mlangoni. Begi begani, kidole mdomoni, ananiashiria ninyamaze. Kile kifungo cha mwanga kilikuwa miguuni pake. Alicheka bila sauti, akingoja baba yake amwone.

Dakika alikuwa ameuelekea mlango kabisa. Akaendelea kupapasa saa iliyokuwa mkononi mwake.

Nilikiona kicheko kikimtoka yule mtoto usoni. Sikuweza kuvumilia tena.

"Kaka," nikasema, "amekuja."

Aligeuka upesi kuifuata sauti yangu, kuelekea kabatini, mikono ameinyoosha. "Nakuona, mwanangu! Nakuona! Hujabadilika hata kidogo!"

Pale hapakuwa na mtu ila mimi. Binti akaniangalia. Nikainamisha kichwa. Akavua viatu asisikike, akazipita zile hatua nne taratibu, akasimama mbele ya kabati, mahali baba yake alipokuwa anatazama. Ndipo akasema, "Shikamoo, Baba."