Mafuta Mapya kwa Moteri ya Zamani

Mwanangu, tangu uniulize kama uweke mafuta ya sintetiki kwenye gari lako, imenirudia siku moja ya ujana wangu, nayo haitaki kuondoka. Keti nikusimulie, kisha utaamua mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, hatujamaliza hata kuzoea kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Mume wangu, Elia, aliendesha kamyoneti kuukuu, gari dogo la mizigo la mfanyabiashara wa Madisi. Ndiyo iliyotulisha. Mwenyewe alituruhusu kuitumia siku isiyo na mzigo, lakini ikifa mikononi mwetu, tungekula nini?

Asubuhi moja tuliletewa habari kwamba mama yangu, tuliyepotezana naye vita vilipotutawanya kule Uvira, angeshuka Lilongwe siku hiyo hiyo kwa basi la kutoka kaskazini. Mama hakujua Kichewa. Asipoona mtu wa kumpokea, angeelekea wapi?

Elia alikuwa kitandani, malaria imemwangusha. Kuendesha nilijua, baba alinifundisha tulipokuwa tukibeba mihogo ya Fizi. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwa chini kabisa. Nyumbani palikuwa na kopo moja tu, la sintetiki, alilopewa Elia na bosi wake wa zamani. Hakuwahi kulifungua. Fundi mmoja wa Kauma alimwambia kwamba moteri ya zamani imezoea mafuta mazito. Ukiitia haya mepesi yataosha uchafu wote, nayo itaanza kuvuja.

Nikamwamsha. "Elia, niweke ile ya kopo?"

"Ngojea mi nipone," akasema, akageukia ukuta.

Nami ningengojaje? Nikalitupa kopo nyuma, nikaondoka bila kuongeza hata tone, nikijidanganya kwamba safari si ndefu. Aliyenisindikiza ni Mama Domitila, Mrundi, shemasi wa kanisa letu. Alishazoea kuongea na Wachewa sokoni.

Njia nzima sikusikia maneno yake. Nilisikiliza moteri. Mlima mmoja ukatukuta, na taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Chini ya miguu yangu kitu kikaanza kugonga, ko, ko, ko. Nikasogea haraka kando ya barabara, nikazima.

Mwanangu, nilisimama pale na lile kopo kama niliyeshika mtoto wa mtu. Nikiyatia yakachanganyika na yale ya zamani, je, yakigandana humo ndani? Yakivuja yote kabla hatujafika? Elia ataniambia nini? Nilikifungua kifuniko, nikakifunga. Nikakifungua tena. Jua lilikuwa linapanda. Mabasi yalitupita, na kila moja nililiona kama lile la mama.

Mama Domitila aliniangalia mpaka akachoka. "We mtoto, unaogopa nini?"

"Hii mafuta inaweza kuharibu moteri, Mama."

"Na ile ingine iko wapi?"

"Haiko."

"Bila mafuta, itafika?"

"Haitafika. Itakufa."

"Sasa unachagua kati ya nini na nini?" Sauti yake ilikuwa kali. "Mama yako iko njiani peke yake. We unasimama hapa unabembeleza kopo!"

Nikamimina. Tulipowasha, ile taa ilizimika na kugonga kukaisha. Sikushukuru hata hivyo. Niliendelea kusikiliza mpaka Lilongwe.

Basi lilikuwa limeshafika, watu wameshatawanyika. Mama hakuwepo. Nilizunguka stendi nikimwita kwa sauti, bila aibu. Mama Domitila akamwuliza mwanamke mmoja mwuza nyanya, naye akatuonyesha barabara. Tukamkuta mbele, na furushi lake kichwani, anatembea tu. Aliponiona hakulia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Nilingojea, nikaona hauji. Nikasema ndo umekufa."

Neno hilo ndilo lililonichoma, si la Mama Domitila.

Na kamyoneti? Ilivuja, ndiyo. Fundi hakusema uongo. Elia alipopona alibadilisha mpira wa kuzibia mafuta uliochakaa, akarudisha mafuta mazito, na ikabeba mizigo miaka mingine. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yale ya kopo nilipaswa kuyatia kabla ya kutoka.

Kwa hiyo, mwanangu, kama gari lako ni la zamani, muulize fundi anayelijua, uulize mapema, ukiwa nyumbani na nafasi ya kuchagua. Lakini usiingie barabarani na moteri kavu kwa kuogopa kukosea. Mafuta yasiyoifaa sana, tuliweza kuyarekebisha. Moteri iliyokauka isingerekebishika, na mama yangu angeendelea kutembea. Hofu ikikushika, jiulize kama Mama Domitila: unachagua kati ya nini na nini? Kisha fanya, ukiogopa hivyo hivyo.

Mungu akuongoze barabarani, mwanangu. Wanaokungoja akulindie, na wakuone ukifika.