Shingo ya Mrina Asali

Nilikuwa nesi mkali, na nikijivunia ukali wangu. Miaka ile ya tisini, kwenye zahanati yetu upande wa Kakese, wagonjwa walinyamaza wakisikia tu ndala zangu zinakuja. Nilidhani huko ndiko kuijua kazi.

Mchana mmoja wanaume wanne walimleta ndugu yao, mrina asali aliyeanguka kutoka mtini akishusha mzinga. Walikuwa wamemkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wamemfunga kanga kiunoni, kichwa kinayumba huku na huku. Mkewe, mwenye mimba kubwa, alifuata nyuma.

"Mmekosa hata machela?" nikawafokea. "Shingo hiyo!"

"Sista, anayebebwa amelala ni maiti," kaka yake akajibu. "Huyu bado mzima."

Nikawaita washenzi. Lakini nilipomtia mgonjwa kidole kiganjani, alikibana. Uti wa mgongo ulikuwa bado salama, na kazi yangu ilikuwa kuulinda.

Tulimlaza mezani, nikamwekea vifuko vya mchanga kila upande wa kichwa. Alikuwa anakoroma, ulimi umerudi nyuma na kuziba koo. Sikuinua kidevu wala kukirudisha kichwa nyuma, shingo isije ikapinda. Nilisukuma taya mbele kwa vidole viwili viwili, kama nilivyofundishwa, na pumzi ikapita. Nilijiona bingwa.

Ndipo kaka yake akaja na kikombe, anataka kumnywesha maji. Nilikipiga kofi, kikaruka hadi ukutani.

"Tokeni nje nyie wote! Nisisikie hata mtu anakohoa!"

Nikafunga komeo. Nikambakiza mkewe tu, kwa sababu alikuwa analia kimya kimya.

Muda si mrefu mgonjwa akatapika. Mtu wa namna ile hugeuzwa na watu wanne kwa wakati mmoja, kichwa na kiwiliwili pamoja. Mimi nilikuwa na mikono miwili, na mjamzito ameduwaa pembeni. Matapishi yalijaa mdomoni, midomo ikaanza kuwa ya bluu. Nikakigeuza kichwa peke yake. Kitu kikakwaruza shingoni, chini ya vidole vyangu.

Matapishi yakamwagika, akavuta pumzi. Nikamtia kidole kiganjani. Nikamfinya kwa kucha. Hakuna kitu.

Nilipofungua mlango, wote wanne walikuwa wamesimama kizingitini. Mkewe akawaambia nimemwokoa. Kaka yake akanishika mikono yote miwili akishukuru.

"Tulisikia anapaliwa," akasema. "Tukataka kugonga, tukaogopa utatufokea."

Nilijichukia. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshazoea.

"Hatatembea tena," nikamwambia. "Mmemvunja wenyewe njiani."

Akainamisha kichwa, akaniomba msamaha.