Nilitumwa kufundisha watoto wa wafugaji huko Chunya, nikaishia kuchunga ndama

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio macho na mnaosoma huku mmesinzia.

Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya humu. Leo nimejipa moyo nifungue uzi. Hii siyo chai ya kutunga, ni maisha yangu mwenyewe, na kama kuna mtu wa Chunya atakayenitambua kabla sijamaliza, naomba anisitiri.

Mimi ni binti wa Iringa mjini, Mhehe, Muislamu, baba yangu anauza vitambaa. Kikundi cha akina mama wa msikiti wetu kilikuwa kinatafuta volunteer wa kwenda kufundisha watoto Qur'ani, pamoja na kusoma na kuandika, kwenye eneo walilotengewa wafugaji huko mbele ya Chunya, linapopakana na hifadhi. Familia kadhaa za Wasukuma zilikuwa zimesilimu. Msikiti wa bati upo, mwalimu hakuna, na shule ya serikali iko mbali mno kwa miguu ya mtoto.

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, ajira hakuna, nyumbani wananiangalia tu.

Nililala Mbeya mjini, Ilomba, kwa shangazi, asubuhi nikapanda gari la Chunya. Kule juu mlimani ukungu ulikuwa mzito, dereva anatembea taratibu, abiria wote kimya. Tukaanza kushuka, ukungu ukakatika, joto likaingia, na vumbi nalo likaanza.

Nilihisi nimesinzia Mbeya nimeamkia nchi nyingine. Na niwaambie ukweli, ule usingizi haujanitoka mpaka leo. Mchana kule kila kitu kinatulia. Upepo unapita kwenye nyasi kavu, kengele za ng'ombe zinalia mbali huko, unasahau ni saa ngapi na wala hujali.

Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Lugembe. Jina lake la kusilimu ni Ramadhani, ila hata mkewe alikuwa anamwita Lugembe. Mzee mrefu, mpole, anasema maneno mawili halafu anatazama mbali.

Akanipa chumba, akanipa maziwa, akaniita mwalimu. Jamani, kuitwa mwalimu na mzee kama yule! Nilitembea mabega juu wiki nzima.

Shida ikaja darasani.

Mwanzoni watoto walijaa, kumbe walikuja kumwona mgeni. Wakapungua, wakapungua, nikabaki na vile vidogo vinavyonyonya vidole. Wenye umri wa kusoma wote walikuwa porini. Utaratibu wa kule, wanaume wanaondoka na ng'ombe wakubwa kwenda mbali, watoto wanabaki na ndama karibu na nyumbani. Ndama haachwi peke yake. Kuna fisi, na akivuka mpaka wa hifadhi askari wanamkamata, hilo ni balaa lingine.

Aliyeniumiza roho zaidi ni Kabula, mjukuu wa Mzee Lugembe. Kila asubuhi alisimama mlangoni na fimbo yake, anafuatisha mstari mmoja, anakimbia kwenye ndama. Siku moja nikamkuta anaandika herufi vumbini kwa ile fimbo, nyingine kazigeuza kichwa chini. Nikamuuliza anataka nini hasa. Akasema anataka asome mwenyewe, amechoka kusomewa.

Basi. Tangu hapo hesabu yangu ikawa moja tu: Kabula asome.

Nikamfuata babu yake. Nikamweleza fadhila za elimu kwa kirefu, na aya juu. Akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali moja.

"Sasa mwalimu, ndama atachunga nani?"

Mnatujua Wahehe na hasira zetu.

"Nitachunga mimi," nikamjibu.

Nilisema kwa kumkomoa, wala sikuwa na mpango wowote. Mzee akageuka kutazama zizini, nikajua nimemkosea adabu. Halafu akasema sawa.

Kesho yake asubuhi nikakabidhiwa fimbo, na ndama wa majirani wakaunganishwa humo humo.

Wakuu, nilichekwa. Mtu mzima na hijabu yangu nafukuzana na ndama, kazi ya watoto wasiojua kufunga vifungo! Wake wa watoto wa Mzee Lugembe walikuwa wanaziba midomo kwa khanga nikipita.

Nikajidanganya kwamba nitachunga huku nafundisha, watoto wanifuate porini na vibao vyao. Ikashindikana. Nikitazama vibao, ndama wametawanyika. Nikitazama ndama, watoto wametawanyika. Mshika mbili moja humponyoka, mimi ziliniponyoka zote.

Nikapanda kichuguu kutafuta network, nikampigia Bi Mwajuma, kiongozi wa kikundi chetu. Huyu mama ana duka sokoni Iringa na hana maneno ya kupoteza. Akasema kuna ustadhi kijana Mbeya yuko tayari kuja kushika darasa, kwa hiyo mwanangu rudi nyumbani upumzike.

Nilishuka pale kichuguuni nimechanganyikiwa. Nikiondoka, watoto wanarudi kwenye ndama, na huyo ustadhi atafundisha kuta. Nikibaki, nabaki kama nani? Nilisomea ualimu mimi. Iringa nikaseme nilijitolea kuchunga?

Jioni nikaenda kumuaga Mzee Lugembe. Kwa uchungu niliokuwa nao nikamtolea yote, kwamba nilikuja kwake mwalimu, akanifanya mtoto mdogo.

Hakukasirika. Alikuwa anatazama zizini.

"Ng'ombe wakubwa nawapa hata watu wa mshahara," akasema. "Ndama sijawahi kumpa mgeni. Hao hukaa na watoto wa nyumba hii. Wewe uliposema utachunga, nilifikiri sana, nikakupa."

Dah.

Sikuaga tena. Nilikaa pale kwenye kigoda, maziwa yanakamuliwa, giza linaingia polepole.

Asubuhi nikamwambia Bi Mwajuma amlete ustadhi, na mimi nabaki na ndama.

Akaja. Sauti nzuri, mvumilivu, anafundisha kuliko mimi, nakubali kwa shingo upande. Darasa likajaa. Jina la mwalimu likahamia kwake, mimi nikaitwa mama wa ndama. Wivu niliusikia, siwafichi. Kuna siku nilipitisha ndama mbali na msikiti makusudi, nisisikie.

Halafu mvua zikaja, majani yakaota hadi karibu na msikiti. Asubuhi hiyo ndama walikuwa wameshiba wamelala, na mimi nusu nimelala. Nikasikia sauti ya mtoto inasoma. Peke yake, hakuna anayemtangulia. Anaunga herufi moja moja, taratibu.

Kabula.

Akakwama mahali. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe nimsaidie, ila nilikuwa nje, na darasa ni la ustadhi. Nilishika fimbo kwa mikono miwili namuombea. Akairudia ile herufi, akaipata, akaendelea mpaka mwisho wa sura.

Nikalia pale majanini bila aibu, ndama mmoja ananilamba mkono wa baibui.

Nilichojifunza ni kwamba mimi nilienda na kazi niliyoipenda, nikataka wao waihitaji. Wao walihitaji nyingine, ambayo haina cheti wala jina zuri. Mtoto kasoma, na aliyemfundisha siyo mimi, na bado nusu ya furaha ile naijua ni yangu.

Sasa nanyi tuambieni. Nani humu aliwahi kwenda mahali kama kiongozi akaombwa kazi ya chini kabisa? Uliondoka au ulibaki? Andikeni tu, nasoma zote.

Nikichelewa kujibu mjue ndama wametoka.